Kisu Kabla ya Moto: Namna ya Kuihukumu Tumbaku ya Kamba

Tumbaku ya kamba ina sifa moja inayotajwa kabla ya nyingine zote, nayo ni ukali. Mtu akiisimulia atakwambia ilivyomlegeza magoti mvutaji mgeni, ilivyomtoa jasho la kipaji, ilivyomfanya atafute pa kukaa. Na katika masimulizi hayo kamba iliyomwangusha mtu upesi zaidi ndiyo hupewa ushindi. Hicho ni kipimo kibovu. Ukali wa kamba ni mali ya jani, na jani linanunuliwa sokoni, kwa hiyo yeyote mwenye fedha anaweza kupata jani kali. Fundi wa kamba hulipwa kwa jambo lingine: kuyachukua majani yasiyofanana, mengine manene na mengine membamba, na kuyafanya kitu kimoja kinachoungua sawasawa tangu kiko kinapowashwa hadi kinapobaki majivu. Kazi hiyo ina alama zake, na karibu zote huonekana pale kisu kinapopita, kabla kiberiti hakijatoka mfukoni.

Kamba zinazofaa kufundishia jicho ni za Kendal, mji mdogo wa kaskazini magharibi mwa Uingereza. Mwaka 1792 Thomas Harrison alirudi hapo kutoka Glasgow na vifaa vya kusaga ugoro, na katika mkondo wa biashara aliyoianza zikatokea nyumba mbili, Samuel Gawith na Gawith Hoggarth, ambazo ziliendelea kusaga ugoro na kusokota tumbaku kwa vizazi kadhaa hadi zilipoungana tena mwaka 2015. Hazikuwa peke yazo. Tom Gallaher alianza kuuza tumbaku ya kusokota huko Derry, Ireland, mwaka 1857, kabla jina lake halijawa kampuni kubwa ya sigara. Na nchini Brazil kamba nyeusi inayoitwa fumo de corda bado hukatwa kwa kisu na kufikichwa kiganjani, hasa kule Alagoas, ambako mji wa Arapiraca ulijengwa kwa zao hilo. Ila kamba za Kendal zina faida moja kwa mwanafunzi: jani lile lile huuzwa katika unene tofauti, kuanzia ile nyembamba iitwayo Pigtail hadi ile nene kama kidole gumba, tena huuzwa ya kahawia na nyeusi, kwa hiyo unaweza kuona kazi ya mkono ikitengana na kazi ya jani.

Tuanze na jani, kwa sababu ndiko madai ya ukali yanakotoka. Kiungo kikuu cha kamba hizi ni jani la aina ile ambayo wakulima wa Ruvuma huiita tumbaku ya moshi. Tumbaku ya mvuke, ile ya Tabora, Urambo na Chunya, hukaushwa kwa joto linalopita ndani ya mabomba. Moshi haugusi jani, sukari hubaki, na rangi hutoka ya dhahabu. Tumbaku ya moshi hutundikwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, na chini yake magogo ya miti migumu huachwa yafuke polepole kwa siku nyingi, hadi jani linapoiva likawa la kahawia nzito na kunukia moto. Wakulima wa Kingoni na Kimatengo wa Songea walikuwa na chama chao cha ushirika cha zao hilo tangu miaka ya 1930. Ng'ambo ya mpaka, Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, ilipata soko kubwa Uingereza baada ya 1919, London ilipopunguza ushuru kwa tumbaku iliyotoka katika makoloni yake. Sehemu ya nguvu inayosifiwa katika viko vya Ulaya, basi, ilikuwa imeshatengenezwa kwenye mabani ya Kusini mwa Afrika Mashariki kabla jani halijapanda meli.

Namna nguvu hiyo inavyofanya kazi si siri. Jani lenye sukari nyingi hutoa moshi wenye tindikali, na nikotini iliyo katika moshi wa aina hiyo haipenyi kwa urahisi kwenye ngozi laini ya mdomo; ndiyo maana mvuta sigara humeza moshi hadi mapafuni. Jani la moshi lina sukari kidogo sana na nikotini nyingi, na moshi wake huelekea kwenye ualkali, kwa hiyo nikotini huingia mwilini kupitia mashavu na ulimi bila mtu kumeza chochote. Mvutaji aliyezoea tumbaku tamu na nyepesi huvuta kamba kwa kasi yake ya kawaida, anadhani hajavuta kitu kwa kuwa hajameza, kisha baada ya robo saa anashangaa kichwa kikizunguka. Aliyemwangusha ni mmea, bani na haraka yake mwenyewe. Msokotaji hakuongeza nikotini wala hakuipunguza kwa kusokota.

Hapa mtu atajibu kwamba kuchagua jani nako ni sehemu ya ufundi. Ni kweli, lakini mtazame anachochagua. Mteuzi wa tumbaku sokoni hulipanga jani kwa nafasi yake kwenye mmea, rangi, unene, ukubwa na majeraha. Msokotaji anapofika mezani hutaka jani la nje lililo kubwa, zima, lisilo na tundu, linalonyumbuka bila kupasuka; na jani la ndani lililotolewa uti wake wa kati. Jani kali kuliko yote, la juu kabisa ya mmea, mara nyingi ni nene na gumu, nalo likitumiwa vibaya hupasua kamba. Anayechagua kwa ukali peke yake atapata malighafi inayomshinda kusokota.

Kusokota kwenyewe kueleza ni rahisi, kufanya ni kazi nzito. Majani ya ndani hupangwa mezani yakifuatana, hufungwa ndani ya jani la nje, na ncha yake huingizwa kwenye mashine inayozunguka. Mashine husokota na kuvuta, huku mikono ikiendelea kulisha bila kukatika. Mashine haijui kiasi. Ikipewa kidogo, kamba hutoka na shingo nyembamba. Ikipewa kwa pupa, hutoka na fundo. Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakihitaji hata kisu: ipitishe kamba polepole kati ya kidole gumba na cha shahada kwa urefu wa mkono mmoja, macho yakiwa yamefumbwa ukipenda. Kamba nzuri ina unene ule ule na ugumu ule ule mwanzo hadi mwisho. Mahali panapobonyea pana uwazi ndani, na uwazi huo utakuwa tundu la hewa kwenye kiko. Mahali pagumu ghafla pana uti uliosahauliwa au majani yaliyorundikana. Tofauti moja au mbili ndogo katika urefu huo si kosa, maana hii ni kazi ya mkono. Zikija kila baada ya vidole vinne, aliyelisha mashine alikuwa na haraka.

Ni vizuri kukumbuka kwa nini watu walihangaika kusokota badala ya kukatakata jani na kulitia kwenye mfuko. Kamba huweka sehemu ndogo sana ya tumbaku wazi kwa hewa, hivyo unyevu hudumu. Ilikaa mfukoni mwa mvuvi na mchimba makaa bila kuwa unga. Katika migodi yenye gesi inayolipuka, ambako moto wazi ulipigwa marufuku, mchimbaji aliikata na kuitafuna, kisha jioni akaitia hiyo hiyo kwenye kiko. Mabaharia wa jeshi la wanamaji la Uingereza walikuwa na namna yao: walilowesha majani kwa ramu, wakayafunga kwenye turubai, wakayabana kwa kamba ya katani hadi yakawa gogo gumu la kukatwa kwa kisu. Wote hao walikuwa wakitafuta kitu kitakachodumu, kitakachokatika vizuri, na kitakachoungua polepole. Nitarudi kwao, kwa sababu wapenda ukali huwaita kama mashahidi wao.

Sasa kisu. Kiwe chembamba, kikali, kisicho na meno, juu ya kibao cha mti. Usihukumu kwa ncha ya kamba: ncha imekauka na imeshalegea, kwa hiyo ondoa upana wa vidole viwili, uweke pembeni, ndipo uanze. Kata kisahani chembamba, cha milimita moja hivi au chini yake, kwa mkato mmoja wa kuvuta kisu bila kukandamiza, maana ukikandamiza utaziba kile ulichotaka kukiona. Kisha kipeleke kwenye mwanga wa mchana. Ukingoni utaona duara jembamba, nalo ni jani la nje; ndani yake utaona majani yakizunguka kuelekea katikati, tabaka juu ya tabaka. Duara la nje liwe limeshikamana na lililo ndani pande zote. Likiachana, hata kwa upana wa unywele, jani la nje lilifungwa likiwa kavu kuliko la ndani, na kamba hiyo itajifungua yenyewe mfukoni. Katikati pasiwe na tundu. Kiinue kisahani mbele ya dirisha: mwanga ukipenya mahali pamoja pakubwa, msokoto ulilegea, usipopenya popote na kisahani kikawa kigumu kama kimegandishwa, ulikazwa kupita kiasi au kamba ilikandamizwa ikiwa mbichi.

Kitu kinachosema kweli zaidi katika uso huo ni madoa ya rangi hafifu. Mishipa midogo ya jani huonekana kama nukta ndogo, nayo haina neno. Lakini doa gumu la mviringo, la manjano au kahawia iliyopauka, ambalo kisu kilisita kidogo kilipolifikia, ni kipande cha uti wa kati. Uti hauungui kama jani. Hubaki na unyevu, huzima kaa, na ukishika moto hutoa ladha chungu ya kijiti. Doa moja katika visahani kumi unaweza kulisamehe. Likitokea katika kila kisahani cha tatu, mtengenezaji aliacha uti kwa makusudi kwa sababu uti nao una uzito na kamba huuzwa kwa uzito. Hakuna kasoro nyingine inayotambulika kwa hakika kiasi hiki bila kuvuta, wala inayoonyesha zaidi tabia ya nyumba iliyoitengeneza kamba.

Baada ya jicho, vidole. Kizungushe kisahani taratibu kati ya vidole viwili. Msokoto mzuri hufunguka kama chapati iliyokunjwa vizuri, tabaka moja likiachia jingine, hadi ubaki na nyuzi ndefu zinazoshikana kidogo. Kisahani kinachovunjika kuwa unga kimekauka au kimetengenezwa kwa vipande na makombo badala ya majani mazima. Na hili la makombo ni la kuangaliwa sana, kwa kuwa jani la nje zuri linaweza kufunga takataka na mnunuzi asijue. Kisahani kinachobaki donge hata ukikisugua kina maji mengi au sharubati ndani yake.

Rangi nayo huwapotosha wengi. Huaminika kwamba kamba nyeusi ndiyo kali kuliko ya kahawia, eti kwa sababu ni nyeusi. Lakini kamba nyeusi huanza maisha yake ikiwa ya kahawia. Baada ya kusokotwa hupakwa mafuta kidogo, huzungushwa kuwa roli iliyobanwa, kisha hukandamizwa kwa joto kwa muda mrefu. Joto, unyevu na shinikizo huyafanya majimaji ya jani yatoke na kurudi, rangi ikawa nyeusi, na ladha ikahama kutoka kwenye udongo na pilipili kwenda kwenye ngozi, moshi mzito na utamu wa mbali wa kitu kilichookwa. Wavutaji wengi waliozijua zote mbili watakwambia kwamba nyeusi ni laini zaidi ulimini kuliko kaka yake wa kahawia. Kwa hiyo katika kamba nyeusi usitafute ukali wa ziada, tafuta kama joto lilifika. Kisahani kiwe cheusi au cha kahawia nzito hadi katikati. Pete nyeusi nje na moyo wa kahawia ndani ina maana kwamba moto ulikuwa mkali na wa muda mfupi: nje imeungua, ndani haijaiva, na kiko chako kitakuwa na ladha mbili zinazogombana. Kibandike kisahani kwenye karatasi nyeupe, ukikandamize kwa kidole. Alama hafifu ya mafuta ni sawa. Pete ya majimaji ya kahawia ni dalili ya kamba iliyouzwa na maji yake.

Kuhusu harufu sina mengi. Roli mpya ikifunguliwa inaweza kupiga pua kwa harufu kali kidogo ya amonia, ile ya zizi. Ikiachwa wazi nusu siku na harufu ikaondoka, hakuna tatizo. Ikibaki, jani halijamaliza kuiva na halitaivia kwenye kiko. Ukungu una manyoya, hukaa kwa mabaka, na harufu yake ni ya chumba kilichofungwa. Watu hupenda kusema weupe wowote juu ya kamba ya zamani ni fuwele za ukomavu. Ukiwa na manyoya, tupa.

Linalostahili nafasi zaidi ni viungo na sharubati, kwa kuwa hapo ndipo udhaifu wa jani hufichwa. Ushahidi mkubwa zaidi wa historia unatoka Bahia, na si historia ya kupendeza. Katika karne ya 17 na ya 18 tumbaku nzuri ya Bahia ilipelekwa Lisbon. Daraja la tatu, lililokataliwa huko, lilisokotwa kuwa kamba, likazungushwa kwenye roli kubwa na kupakwa molasi ya miwa kwa wingi ili lisikauke wala kubomoka, kisha likapelekwa pwani ya Mina, Afrika Magharibi, kubadilishwa na watu waliouzwa utumwani. Wanunuzi wa pwani hiyo walifikia hatua ya kuitaka tumbaku hiyo kuliko nyingine zote. Mwanahistoria anaona humo biashara ya aibu. Mwenye kuhukumu ubora anaona pia kwamba jani lililokataliwa linaweza kupendwa kwa sababu ya kile kilichopakwa juu yake. Waingereza walilijua hilo, na sheria yao ya mwaka 1842 iliwazuia watengenezaji wa tumbaku kuitia sukari, molasi na vitu vingine vya kuongeza uzito na utamu. Sheria za namna hiyo zilisaidia kuzizoesha nyumba za zamani kutegemea jani, moto na shinikizo, pamoja na manukato kidogo ya maua ambayo Kendal inajulikana kwayo hadi leo. Kamba nyingi za Kendal hazina manukato ya makusudi, ingawa hunasa kidogo kutoka kwenye meza na mashine za jirani, na hilo sihesabu kuwa kosa. Kosa ni kamba inayonata. Iguse kwa ulimi: jani la moshi ni chungu kidogo na lenye chumvichumvi, kamwe si tamu kama peremende.

Pingamizi kubwa linakuja sasa, nalo ni la haki: tumbaku imetengenezwa ivutwe, kwa hiyo mwamuzi wa mwisho ni ulimi, na habari za visahani na madirisha ni za duka la sonara. Ningekubali kama ulimi ungekuwa shahidi asiyeyumba. Katika tumbaku hii unayumba sana, tena kwa sababu tatu. Kwanza, nikotini ikishapanda, hukumu ya mvutaji hubadilika katikati ya kiko kimoja; anayejisikia kichefuchefu hawezi kusifu ladha, na aliyeburudika husifu chochote. Pili, makosa mengi yanayobebeshwa kamba ni ya aliyeiandaa: kamba huuzwa ikiwa na unyevu kuliko unaofaa kuvutwa, na asiyeikata nyembamba na kuiacha ikauke atalalamika kwamba haishiki moto, inachemka, inauma ulimi. Tatu, kiko chenyewe. Kiko cha mti kilichozoea tumbaku ya manukato kitaitia kamba harufu isiyo yake.

Kwa hiyo ulimi usikilizwe, ila baada ya kuwekewa masharti. Fikicha visahani, viache hewani saa moja hadi tatu kulingana na hali ya hewa; Tanga au Mombasa wakati wa masika huenda ukahitaji usiku mzima, na Iringa wakati wa kipupwe nusu saa itazidi. Vikibanwa visishikane tena, wala visilie kwa ukavu. Tumia kiko chenye bakuli dogo, na kama kipo, cha udongo, kwa maana udongo hauna kumbukumbu ya tumbaku iliyopita na hunyonya unyevu. Jaza kwa wepesi, kwa sababu nyuzi hizi huvimba zikipata moto. Washa mara ya kwanza hadi uso wote uwe mweusi, shindilia kidogo sana, washa tena, kisha vuta polepole kiasi kwamba unakaribia kuzimisha. Mwanzo wa kiko usiuhesabu, kila tumbaku ni nzuri mwanzoni. Shahidi ni theluthi ya katikati na kuendelea: je, kaa linashuka sawasawa au linachimba upande mmoja? Je, ladha inanenepa taratibu au inageuka kuwa lami ghafla? Kamba iliyolishwa sawasawa hushusha kaa lililonyooka na kuacha majivu ya kijivu yanayofanana. Kaa likichimba upande, rudi kwenye visahani vilivyobaki, na mara nyingi utakuta uti au uwazi ule ule ambao kisu kilikuonyesha mapema.

Tuwarudie wachimbaji na mabaharia. Husemwa kwamba wao, wenyeji wa kweli wa kamba, walitaka ukali na hawakuwa na muda wa kuangalia tabaka. Sikatai kwamba walipenda tumbaku yenye nguvu. Lakini viko vyao vinasema zaidi ya hayo. Vile vya udongo vya Uingereza vya mwanzo wa karne ya 17 vina bakuli dogo mno, kwa kuwa tumbaku ilikuwa ghali, na bakuli lilikua kadiri bei ilivyoshuka. Wanaakiolojia hutumia ukubwa na umbo hilo kukadiria umri wa mahali wanapochimba. Hata tumbaku iliposhuka bei, kiko cha mfanyakazi kilibaki kifupi na kidogo, cha kushikwa kwa meno huku mikono ikifanya kazi. Ndani ya bakuli kama hilo visahani viwili au vitatu vinatosha. Mtu anayetaka kulewa nikotini hachagui chombo kidogo hivyo, tena hakati kamba kwa kisu kidogo kidogo. Mfanyakazi alilipa kwa uzito na alitaka kila kipande kiungue chote. Uti na uwazi vilikuwa hasara aliyoihisi mfukoni. Mfanyakazi huyo, naamini, aliijua kamba kwa kisu kuliko sisi tunaoinunua kwa udadisi.

Lipo pingamizi zito kuliko hayo yote: kwa nini kutafuta ubora katika kitu kinachoua? Moshi wa kiko husababisha saratani ya mdomo, koo, zoloto na mapafu, hata kwa asiyeumeza. Jani la moshi si afadhali. Moto ule ule unaolipa harufu yake huliachia kemikali hatari, zikiwemo nitrosamini, kwa kiwango kikubwa kuliko jani linalokaushwa bila moshi. Mkulima naye huugua sumu ya nikotini anapochuma majani mabichi yenye umande, na bani hula kuni. Ustadi wa msokotaji haupunguzi hata chembe ya hayo, na mwongozo unaodokeza vinginevyo unadanganya. Ninachodai ni kidogo: kwa mtu mzima aliyekwisha kuamua kuvuta, kipimo cha ukali ndicho kibaya kuliko vyote, kwa sababu humsukuma kuongeza dozi ili athibitishe thamani ya alichonunua. Kwikwi, mate mengi, jasho baridi na kichefuchefu ni dalili za sumu, na mtu akizipata aweke kiko chini, apate hewa na maji. Kipimo cha kisu hakina haja ya dozi yoyote. Mtu anaweza kuzitambua kamba nzuri na mbovu maisha yake yote bila kuwasha hata moja.

Limebaki suala la kamba zinazouzwa zikiwa zimeshakatwa visahani na kufungwa kwenye kopo. Hazistahili dharau wanayozipa wapenzi wa roli nzima. Escudo, iliyoanza na kampuni ya Cope ya Liverpool na sasa hutengenezwa Denmark, ni msokoto wa jani la Virginia na Perique uliokatwa kwa mashine, na uso wa kisahani chake ni safi kuliko kisu cha nyumbani kinavyoweza kutoa. Unachopoteza ni ushahidi wa urefu: huwezi tena kupitisha vidole na kusikia shingo na mafundo, na jani la nje halijulikani tena limeshikilia namna gani. Hata hivyo kopo lina ushuhuda wake. Mwaga visahani kumi na viwili mezani bila kuchagua, uvipange kwa upana. Vikikaribiana, kamba ilikuwa sawasawa. Vikitofautiana kiasi cha kuonekana kwa macho, kamba ilikuwa na shingo, na kisu cha kiwanda kimekukatia shingo na fundo katika kopo moja kwa bei moja.